Kahawa ya kitambaa mu nyumba zetu za Kivu

Ukifika kwa mkulima wa kahawa kule Kalehe ama mu kisiwa cha Idjwi, mara nyingi watakukaribisha na chai, ama kasiksi kama ni siku ya furaha. Kahawa yenyewe watakuonyesha mu mifuko. Mgeni anashangaa, sisi hatushangai tena.

Sababu iko mu historia. Mu mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, nayo ikawagawia wakoloni ardhi kubwa kubwa. Wale walipanda arabika. Wazee wetu walichuma matunda, wakayamenya, wakayaosha, wakayaanika, na mbegu zikapanda meli kwenda Ulaya. Hata robusta, ambayo mbegu zake zilitolewa mu misitu ya Kongo mwisho wa karne ya 19, ilipata jina lake Brussels kabla ya kupelekwa Java. Mti ni wa kwetu, jina ni la duka la miti la mzungu!

Mtu mweusi aliyejua kahawa kwa ulimi alikuwa mpishi. Mume wa mama yangu mukubwa alikuwa mmoja wao. Alikaanga mbegu mu sufuria kavu mpaka zinapasuka na kulia, akazitwanga mu kinu, si unga laini sana, akaziweka mu kitambaa cha pamba kilichoshonwa kama mfuko. Karatasi ya kuchujia ilikuwako Ulaya tangu 1908, wakati mama mmoja wa Dresden, Melitta Bentz, alipotoboa chungu cha shaba na msumari na kutandika ndani karatasi ya daftari ya mtoto wake. Lakini kwa mzee wetu kitambaa kilitosha. Wafaransa wanaita kahawa hafifu "maji ya soksi". Ile yake haikuwa hafifu hata kidogo.

Wakati wa zaïrianisation, kuanzia Novemba 1973, mashamba yalipewa wenye nchi ambao wengi hawakujua hata kukata matawi ya mti. Mu 1989 mapatano ya dunia juu ya bei yakavunjika, bei ikaanguka. Kisha ikaja vita. Watu walibeba kahawa usiku mu pirogi kwenda Rwanda, kusudi wapate sabuni na chumvi, na ziwa Kivu lilimeza wengi. Hapo ndipo ninapoona uchungu: watu walikufa juu ya kitu ambacho hawakuwahi kukionja.

Sasa koperative zimejenga vituo vya kuosha kahawa, na vijana wa Bukavu na Goma wanaanza kuinywa. Wengine wananunua karatasi kwa bei kali. Mimi nafanya kama mzee: gramu 15, maji robo ya lita. Maji yakichemka, ngoja kidogo. Mwaga kwanza machache, kahawa ivimbe na kutoa mapovu. Kama haivimbi, basi imekaa siku nyingi tangu kukaangwa. Kisha endelea polepole, kwa kuzungusha, dakika tatu hivi. Ukiharakisha, inakuwa kali ya bure na bila utamu.

Kitambaa kinaoshwa na maji ya moto peke yake. Mama mukubwa alikuwa anagomba kila aliyekigusa na sabuni, maana siku ya pili tulikunywa sabuni.