Fahamu Jinsi Msongo wa Muda Mrefu Unavyodhoofisha Kinga Dhidi ya Kifua Kikuu

Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, ni lango kuu la magari ya mizigo yanayoelekea Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dereva anayetoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika mpakani. Usingizi wa mashaka, mlo usio na saa maalumu na hofu ya kuchelewesha mzigo huweza kumwandama safari nzima, na hali hiyo huathiri uwezo wa mwili wake kupambana na maambukizi.

Vimelea vya ugonjwa vinapoingia mwilini, seli nyeupe za damu huvishambulia na kutoa kemikali zinazofikisha taarifa kwenye ubongo. Ubongo hupandisha joto la mwili, ndiyo homa, kisha huziamsha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe homoni ya kotisoli. Homoni hiyo hutuliza kinga ili mapambano yasije yakaumiza mapafu na viungo vingine. Vimelea vikidhibitiwa, kiwango chake hushuka.

Tatizo huanza pale msongo wa mawazo unapodumu kwa wiki au miezi. Mpangilio wa kawaida wa kotisoli huvurugika, na seli za ulinzi hupungua nguvu.

Athari hiyo ina uzito katika kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wa ugonjwa huo, lakini ni asilimia 5 hadi 10 tu ya walioambukizwa ambao huugua maishani. Kwa wengine, kinga huwazingira bakteria hao wasilete madhara. Kinga ikidhoofu, huamka. Virusi vya UKIMWI, utapiamlo, kisukari, tumbaku na pombe ndivyo vichochezi vinavyofahamika zaidi. Msongo peke yake hausababishi kifua kikuu, bali huweza kuongeza udhaifu uliopo.

Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kutotumia kiholela dawa za deksamethasoni na prednisoloni, ambazo hufanya kazi kama kotisoli. Mwezi Juni 2020, watafiti nchini Uingereza walibaini kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, lakini haikuwasaidia wasioihitaji. Dawa hizo zikitumiwa bila ushauri wa daktari, zinaweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha.

Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, kupata homa, kutokwa jasho jingi usiku au kupungua uzito afike mapema katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu, hata akiwa safarini. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali, na mgonjwa anayekamilisha dozi hupona.