Injini ya Z na Watu Wasioandikwa

Ukikaa na watu wa rika la baba zetu, Moshi au Nairobi, ukawachokoza kidogo kuhusu Safari Rali, majina yatamiminika. Watakutajia Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na akashinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Watakutajia Shekhar Mehta, mara tano. Watabishana juu ya mwaka 1968, pale magari 93 yalipoondoka na yakamaliza saba tu. Wakichoka na madereva watahamia kwenye magari: Peugeot 404, Volvo, Ford Escort, Datsun. Lakini hebu waulize ni nani aliyezifungua injini za magari ya aina hiyo yalipozeeka mikononi mwa watu wa kawaida, akazifunga tena, na kwa spea zipi. Hapo, ndugu msomaji, baraza litanyamaza kidogo, halafu mmoja atasema, "Ah, mafundi walikuwepo bwana." Basi, imekwisha.

Insha hii ni juu ya hao "walikuwepo". Sikuwapata maktaba. Nilimkuta mmoja wao ndani ya injini ya Datsun 240Z, ambayo mimi na Baba Mkubwa tuliifungua na kuiunda upya nyumbani kwake Moshi, chini ya mparachichi, kwa muda wa miezi saba ya mwaka 2022.

Kwanza tuijue gari yenyewe. Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na mwaka 1970 ikaanza kuuzwa nchi za nje. Viti viwili, boneti ndefu, mgongo umeteremka kama wa samaki. Marekani iliuzwa kwa dola 3,526, bei ambayo kwa gari ya mbio ya namna ile ilikuwa ndogo mno. Watu walijiuliza, Wajapani wamewezaje? Jibu moja limo ndani ya injini. Injini ya 240Z inaitwa L24: silinda sita zimepangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni yake hupanda na kushuka milimita 73.7. Sasa chukua Datsun 1600, saloon ya kawaida ya baba mwenye watoto wanne. Injini yake, L16, ina silinda nne. Kipenyo? Milimita 83. Mwendo wa pistoni? Milimita 73.7. Yaani ile gari ya mbio iliyowatia watu wazimu ilikuwa na injini ya saloon iliyoongezewa silinda mbili. Ni ndugu wa tumbo moja.

Na undugu huo ulionekana hapa hapa kwetu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, alishinda Safari kwa Datsun 1600. Mwaka 1971 akashinda tena, safari hii kwa 240Z. Silinda nne mwaka mmoja, sita mwaka uliofuata. Wa pili mwaka huo wa 1971, naye kwa 240Z, alikuwa Shekhar Mehta, kijana wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, na ukoo wa Mehta ukahamia Kenya. Mwaka 1973 Mehta akarudi na 240Z, akamaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800. Wakapewa ushindi Mehta na msomaramani wake Lofty Drews kwa sababu walikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mtu aliyefukuzwa nchi aliyozaliwa akashinda mbio za Afrika Mashariki. Hayo yameandikwa, na yanastahili kuandikwa.

Tuje kwa yasiyoandikwa. Baba Mkubwa alikuwa karani katika ofisi moja ya utalii Nairobi. Mwaka 1975 alinunua 240Z kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga virago kuondoka nchini. Ilikuwa imetumika lakini nzima. Mwaka uliofuata akarudi nayo Moshi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Ukifikiri kisiasa, hilo ni jambo la marais na mawaziri. Ukifikiri kifundi, maana yake ni kwamba Nairobi, ambako spea za Z zilikuwa, ikawa mbali kama Tokyo. Ikafuata vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni zikaadimika. Sukari yenyewe ilikuwa ya foleni, nani angekuruhusu kuagiza pistoni za gari ya viti viwili?

Mwaka 1982 injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Baba Mkubwa akaipeleka kwa fundi mmoja mzee, Singasinga. Watu walimwita Kalasinga, kama walivyozoea kuwaita wenziwe wote. Mababu wa wengi wao walikuja pwani wakati wa kujengwa reli ya Uganda, kuanzia 1896, na ufundi ukabaki kwenye koo zao. Joginder mwenyewe alitoka kwenye gereji, na ile Volvo aliyoshindia 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, ilikuwa gari iliyokwisha kutumika. Fundi wetu hakushinda chochote. Lakini alijua ule undugu nilioueleza. Inavyosimuliwa, aliitazama Z, akamwambia Baba Mkubwa, "Bwana, hii teksi mbili kasoro silinda mbili. Wewe tafuta pistoni ya teksi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipoinyanyua injini kwa winchi ya cheni iliyoning'inizwa kwenye mabomba matatu ya maji, tukaifungua, historia ya miaka ile ikaanza kutoka vipande vipande. Lakini kabla ya hedi kutoka kuna jambo. Ndani ya injini za ukoo wa L, mnyororo unaozungusha kemu hukazwa na kifaa chenye springi. Ukifungua gia ya kemu bila kuuzuia mnyororo, kifaa hicho huchomoka, na itakubidi ufungue mbele yote ya injini kukirudisha. Dawa yake ni kabari ya mbao, unaishindilia katikati ya mnyororo. Baba Mkubwa alikwenda kwenye buti akatoa kabari ya mninga, nyeusi kwa oili, ya Kalasinga yule yule. "Gonga hii kwanza," akaniambia. "Ukiisahau, utalala hapa wiki." Macho yake yana presha, haoni vizuri siku hizi, lakini aliipapasa akajua upande gani ni juu.

Ndani tukakuta pistoni sita, kipenyo milimita 83.5, yaani silinda zilikuwa zimekerezwa nusu milimita. Nne zilikuwa na chapa moja, mbili chapa nyingine. Sababu ni hesabu ya shule ya msingi: pistoni za 1600 zinauzwa nne nne, na Z inataka sita. Ilibidi ipatikane seti moja na nusu. Zile mbili zilikwanguliwa kwa ndani hadi uzito wake ukalingana na nyingine, maana injini yenye pistoni nzito na nyepesi hutetemeka na mwishowe hujivunja. Baba Mkubwa anakumbuka zilipimwa kwenye mizani ya sonara. Gasketi ya hedi ilikatwa kwa mkono kwenye bati la shaba nyekundu. Gasketi ya pampu ya maji ilikatwa kwenye jalada la faili la ofisi, na kipande cha neno JAMHURI bado kilisomeka. Na ubavuni mwa bloku, karibu na namba ya injini inayoanza na L24, alikuwa amepiga kwa patasi herufi zake mbili na tarehe: 5-82.

Mwenzangu, wewe uliyesoma historia darasani, niambie: hiyo si kumbukumbu? Mpaka uliofungwa, fedha za kigeni, fundi, teksi, sonara, faili la serikali, vyote vimefungwa pamoja kwa bolti. Hakuna kitabu nilichosoma kilichonieleza mwaka 1982 vizuri kama injini ile.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka yangu, mtoto wa Baba Mkubwa, alikuwa amempata mnunuzi. Magari haya siku hizi yana thamani. Hata Nissan wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliwahi kuzitengeneza upya Z za zamani huko Marekani na kuziuza kwa karibu dola 25,000. Mnunuzi huyo alitaka gari iwe "orijino". Alitaka pistoni za Z, si za teksi, na alitaka ile alama ya 5-82 isagwe, kwa sababu karibu na namba ya injini ilionekana kama kuna kitu kilichochezewa. Fedha zile zingelipia matibabu ya macho ya Baba Mkubwa. Kaka alisema wazi, "Herufi mbili za fundi zina faida gani kwa mzee asiyeona?" Nakiri lilikuwa swali zito, na mtu atakayelicheka hajawahi kukaa na mgonjwa.

Tukaanza na vipimo, maana chuma hakina upande. Tuliazima maikromita kwa mwalimu wa ufundi, tukapima kila silinda juu, katikati na chini. Miaka arobaini imekula. Silinda ya sita ndiyo iliyoliwa zaidi. Mkereza vyuma hakusita: bloku likerezwe hadi milimita 84. Maana yake pistoni zile sita haziwezi kurudi tena. Tukaagiza mpya sita, ringi, beringi za krenki, gasketi za kiwandani, mnyororo mpya. Zilikuja kwa posta katika muda wa wiki tano, kitu ambacho Kalasinga asingekiamini.

Sikuwa nimetegemea jambo hilo kuniuma. Lakini liliuma, na lilinifundisha. Tunasema vitu vya kale vinatunza historia. Si kweli, au ni kweli kwa makumbusho tu. Gari inayotembea inajifuta yenyewe, kila kilomita inasaga kidogo ushahidi wake. Ukiiacha isitembee inaoza, ukiitengeneza unatoa kazi ya mtu aliyekutangulia ili uweke ya kwako. Hakuna namna ya kuiponya injini bila kuikerezea historia yake. Kinachobaki ni kuandika. Nikanunua daftari la kaunta. Nikaandika kila kipimo, nikachora chapa za pistoni, nikabandika kile kipande cha faili, na jioni nikamhoji Baba Mkubwa hadi akachoka nami: nani aliuza zile nne, nani zile mbili, bei gani, fundi alilipwa nini. Alilipwa nusu fedha na nusu mchele.

Kuhusu alama ya 5-82, Baba Mkubwa aliamua mwenyewe. Hakuhutubia. Alisema pistoni zimekwisha, hilo ni haki ya chuma, lakini alama haijaisha, haigusi oili wala maji, wala haimzuii mtu kuendesha. "Mtu alinifanyia kazi wakati kila mtu alinifungia mlango. Leo nimfute jina kwa bei?" Mnunuzi akapunguza dau kwa kiasi kikubwa, kisha akaacha kupiga simu. Matibabu tumeyafanyia mchango wa ukoo, kidogo kidogo, na Kaka ametoa kuliko sisi wote. Mpaka leo anaamini tulikosea. Tukikutana hatulizungumzi.

Injini tuliifunga Desemba. Klirensi za vali tulizipanga injini ikiwa baridi, 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutolea, Baba Mkubwa akiupima ukazo wa kibapa kwa vidole mimi nikisoma namba. Iliwaka mara ya tatu. Silinda sita zikizunguka sawasawa hazipigi kelele, zinavuma tu.

Tangu 2021 Safari Rali imerudi katika mashindano ya dunia, pale Naivasha. Vijana wenzangu wanaifuata kwa simu, wanajua muda wa kila dereva hadi sehemu ya sekunde. Vizuri. Lakini katika mtaa wako yupo mzee mwenye makovu mikononi aliyeifanya Peugeot au Datsun au Bedford itembee wakati haikupaswa kutembea. Nenda na daftari. Usimuulize nani alishinda, hayo tunayo. Muulize spea aliipata wapi. Jibu lake halimo kwenye kitabu chochote, na siku bloku litakapokerezwa tena, halitakuwemo hata kwenye chuma.