Udungikaji: mlango wa ghala la chini ya ardhi

Dar es Salaam sindano huchomwa, Nairobi hudungwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoniamulia jina la sifa ambayo haikwepeki kila hifadhi ya hewa ukaa inapojadiliwa Johannesburg: wepesi wa mwamba wa mchanga kupokea gesi inayosukumwa kisimani. Ukifuata Dar utapata "uchomekaji", na msomaji atadhani mwamba unawaka moto, au shati linaingizwa ndani ya suruali. Nimechukua dunga nikaipitisha kwenye kauli ya kutendeka: dungika, udungikaji, kama soma ilivyotupa usomekaji.

Wapo watakaosema "udungaji" unatosha. Hautoshi. Udungaji ni kazi ya mwenye pampu. Udungikaji ni tabia ya mwamba pamoja na kisima chake, na hupimwa kwa tani zinazoingia kwa siku kwa kila kiasi cha shinikizo kinachoongezwa. (Kosa hilohilo limo katika "upenyezaji", wanavyouita wengine uwezo wa mwamba kupitisha maji. Kupenyeza ni kazi ya mtu wa magendo. Mwamba una upenyekaji.) Wala udungikaji si ujazo. Ghala laweza kuwa pana kama uwanja wa mpira, mlango wake ukawa wa kupita paka.

Atlasi ya hifadhi ya hewa ukaa iliyotolewa Afrika Kusini mwaka 2010 ilikadiria ujazo wa takriban tani bilioni 150. Chini ya asilimia 2 ndiyo iliyo nchi kavu. Iliyobaki iko chini ya bahari. Na mwamba wa mchanga wa Karoo, ulio karibu na mitambo inayotoa gesi hiyo, umegandamizwa kwa mamilioni ya miaka, kisha ukaokwa na doleriti iliyopanda ikiwa moto miaka milioni 180 hivi iliyopita. Vinyweleo vyake vimebanana. Huo ni udungikaji hafifu wa kuzaliwa nao.

Upo pia ule unaopotea kisima kikiwa kazini, na huo ndio unaonivutia zaidi. Hewa ukaa hudungwa ikiwa kavu. Huko chini mwamba umejaa maji ya chumvi. Gesi huyasukuma mbele, na yale yanayong'ang'ania chembe za mchanga huyakausha. Maji yakienda, chumvi hubaki. Aliyeona mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, analijua jambo hili, ila huko chini kazi ya jua inafanywa na gesi. Ubaya ni kwamba sehemu iliyokauka hunyonya maji mengine ya chumvi, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, nayo yakifika hukauka na kuacha fungu jipya. Chumvi hiyo hujengeka pembezoni mwa kisima, mahali ambapo gesi yote haina budi kupita.

Dawa inayojulikana ni kuosha kwa maji matamu. Lakini mwamba wa mchanga mara nyingi una udongo wa mfinyanzi ndani yake. Aina fulani huvimba zikikutana na maji matamu. Nyingine, kama kaolini, hubanduka, zikachukuliwa na mkondo na kukwama kwenye koo za vinyweleo. Mganga asipoangalia humziba mgonjwa aliyekuja kumzibua. Asidi nayo ni ndumilakuwili: hewa ukaa ikiyeyuka majini hula kalsiti inayoshikanisha mchanga, mara ikapanua njia, mara ikaachia vijichembe vya kuziba. Kuiorodhesha kama adui tupu ni uvivu.

Kuna na shinikizo, ambalo hupanda tabaka likiwa limefungika pande zote. Snøhvit, Norway, udungaji ulianza 2008 katika mwamba wa mchanga wa Tubåen. Shinikizo likapanda kuliko ilivyotarajiwa, na 2011 kazi ikahamishiwa tabaka la Stø. Barani kwetu, In Salah nchini Algeria ilitumia visima vitatu vya ulalo katika mwamba wa mchanga uliobana. Tani milioni 3.8 hivi ziliingia kuanzia 2004, ardhi ya juu ikainuka kwa kiasi cha kupimika kwa setilaiti, na 2011 udungaji ukasimamishwa.

Baraza la Sayansi ya Jiolojia la Afrika Kusini sasa linachunguza Leandra, Mpumalanga, ambako mwamba unaolengwa ni basalti ya volkano. Hiyo ina mambo yake. Neno, hata hivyo, litabaki lilelile.

Kisima kimoja cha Sleipner, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, kilichodungwa tangu 1996 kwenye mchanga laini wa Utsira, kilipokea karibu tani milioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi. Mitambo ya Sasol ya Secunda, mashariki mwa Johannesburg, hutoa zaidi ya tani milioni 50 kwa mwaka. Kwa udungikaji wa Utsira ingehitaji visima zaidi ya 50, na Karoo si Utsira.