Washana wa Ugweno

Kabla ya Wasuya kutawala Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, wenye nchi walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Ndivyo wazee walivyomsimulia Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa Mpare mwenyewe, ambaye kitabu chake juu ya watawala wa Upare kilitoka mwaka 1969.

Mtapo wao hawakuuchimba mashimoni. Mvua za mlimani husomba mchanga mweusi, mzito, hadi vijitoni. Huo wakauosha, wakauanika, kisha wakauyeyusha kwa mkaa katika tanuri za udongo, mivukuto ya ngozi ikipuliza bila kukoma. Kilichotoka hakikuwa chuma safi bali bonge lenye taka, lililopashwa moto na kupondwa tena na tena mpaka likafaa kwa jembe au mkuki. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa mafundi hodari wa kufua, lakini chuma chenyewe walikifuata Upare.

Mali ya namna hiyo haikosi wenye kuitamani. Msuya mmoja, Angovi, pamoja na mwanawe Mranga, wakawapindua Washana. Kimambo alihesabu vizazi vya watawala, akaliweka tukio hilo karibu na mwanzo wa karne ya 16. Hesabu ya vizazi ni kamba inayovutika, nami nisingeapa kwa muongo wowote. Mranga ndiye anayesifiwa kwa kuipanga nchi: aliweka mabaraza, akawatuma ndugu zake kusimamia sehemu mbalimbali, na jando la msituni akalifanya jambo la dola.

Haya yamehifadhiwa zaidi na washindi, nao hawakuweza kuyaanza bila kuwataja walioshindwa. Enzi waliitwaa, nyundo wakawaachia wenyewe. Washana wakabaki wahunzi wa watawala wapya, wakihitajiwa na kuogopwa kwa pamoja, maana laana ya mhunzi haikuwa jambo la mzaha. Hata Usambara, ng'ambo ya bonde, mfua chuma huitwa mshana.

Kilichozima tanuri si Wasuya. Misafara ya karne ya 19 ilileta nyaya za chuma kutoka pwani, na reli ya Tanga, iliyopita chini ya milima hiyo hadi kufika Moshi mwaka 1911, ikarahisisha safari ya majembe ya Ulaya. Kufua kuliendelea, kwa vyuma chakavu.