Taa ya Jua na Hesabu ya Kukisia

Juma hili tuzungumzie taa. Kule Mtabila, wilayani Kasulu, ilikokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kigoma, kibatari kimekuwa kikiipisha taa ndogo ya jua.

Mwanga wake hutoka katika chembe yenye tabaka za semikondakta za aina tofauti zilizoshikana. Herbert Kroemer alilitetea wazo la kuunganisha aina mbili tangu mwaka 1957, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Zhores Alferov. Taa ya buluu, mama wa hii nyeupe, ikawapatia wazaliwa watatu wa Japani tuzo hiyo mwaka 2014. Hao wanajulikana. Kwa maoni yangu, historia imewaonea wapiga hesabu.

Chembe kama hiyo ni ghali kuijaribu kiwandani, hivyo hujaribiwa kwanza ndani ya kompyuta. Mwaka 1964 Hermann Gummel wa Bell Laboratories, Marekani, alionyesha njia: kisia, tafuta volteji ya kila mahali, kisha wingi wa elektroni, kisha wa matundu (yaani nafasi zilizoachwa na elektroni), sahihisha, rudia mpaka majibu yatulie.

Lakini unaanzia wapi? Kwa silikoni peke yake si kazi ngumu: unachukulia kwamba kila mahali chaji zote zinalingana, hasi na chanya, basi unapata wingi wa kuanzia. Penye tabaka mbili tofauti makisio hayo huharibika mpakani, maana wingi wa elektroni huruka ghafla. Na galiamu naitraidi, madini ya taa hizi, ina vituko vyake. Iwapo sentimita moja ya ujazo ina elektroni zenye idadi ya 1 na sifuri 18, nayo imetulia gizani bila umeme, matundu huwa adimu kiasi kwamba bonge kubwa kama dunia yetu nzima lisingekuwa na hata moja! Ukiilisha kompyuta tarakimu zilizopishana hivyo, hesabu hutawanyika, na siku nzima ya kazi imekwenda.

Kwa hiyo wahandisi wengi hukisia volteji badala ya wingi. Huanza na taa iliyozimwa, kisha huipandisha volteji kidogo kidogo, jibu la hatua moja likiwa makisio ya hatua inayofuata. Wakipandisha kwa pupa hesabu huvunjika tena, nao hurudi nyuma na kukata hatua iwe nusu.