Jinja: Kijiji Kilichopewa Jina na Mawe ya Mto Nile

Tarehe 29 Aprili 2024 ilitimia miaka 70 tangu Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipozindua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale na ambalo ujenzi wake ulifuta maporomoko yaliyokipa jina kijiji cha wavuvi cha Jinja, nchini Uganda. Jina hilo latokana na ejjinja, yaani jiwe katika Kiganda na Kisoga, kwa kuwa hapo ndipo maji ya Ziwa Viktoria yalipopita juu ya mwamba na kuanza safari ya Mto Nile, na karibu na hapo ndipo watu wa Buganda na Busoga walipovushana kwa mitumbwi.

Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa na aliyekuwa mkalimani wake, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika kwamba wenyeji waliyaita maporomoko hayo Mawe. Aliyakadiria kimo cha futi 12 na upana wa futi 400 hadi 500, akaeleza jinsi samaki walivyoruka wakishindana na maji huku wavuvi wakiwangoja juu ya miamba, kisha akayabandika jina la Lord Ripon, aliyewahi kuwa mkuu wa chama cha wanajiografia cha London, ambaye hakuwahi kuyaona.

Jina hilo la kigeni liliingia katika ugomvi mkali. Mwaka 1858 Speke alikuwa ameliona ziwa akiwa Mwanza, wakati mkuu wa msafara, Richard Burton, amebaki Tabora akiugua, naye Burton hakukubali kwamba chanzo cha Nile kilipatikana bila yeye. Alishikilia kwamba Ziwa Tanganyika lilistahili kufikiriwa kwanza, akamsuta mwenzake kwa kutoufuata mto hatua kwa hatua, na katika hilo la pili hakukosea. Wawili hao walitazamiwa kujibizana mbele ya wataalamu mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864, lakini alasiri ya siku iliyotangulia Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda, na suala likabaki wazi mpaka Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875. Katika mabishano hayo yote, wavuvi na wavushaji wa Jinja, waliojua mto unakotokea kabla ya yeyote kati yao, hawakuulizwa neno.

Wakoloni waliifanya Jinja makao ya utawala wa Busoga mwaka 1901, viwanda vikafuata baada ya bwawa, na mwaka 2020 ikatangazwa kuwa jiji. Ng'ambo ya magharibi umesimama mnara wa kumkumbuka Speke. Ni haki kwa wenyeji kwamba penye mnara huo yaandikwe pia, kwa lugha zao na kwa Kiswahili, majina ya Mawe na ya Bombay.