Abiria wa Treni Aliyewasha Biashara ya Gemu za Mkononi

Mwishoni mwa miaka ya 1970, ndani ya treni ya mwendokasi huko Japani, abiria mmoja alichoka kukaa bure. Akatoa kalkuleta, akaanza kubonyeza namba hovyo hovyo kusogeza muda. Hakuna hesabu aliyokuwa anapiga. Jina lake halijulikani mpaka leo. Ila ndani ya treni hiyo hiyo alikuwemo mhandisi wa kampuni ya Nintendo, na yeye akaona dili.

Mhandisi huyo wala hakuajiriwa kama mtu wa gemu. Aliingia Nintendo mwaka 1965, enzi inatengeneza karata, na kazi yake ilikuwa kuhudumia mashine za kiwandani. Alichokiona kwenye treni ni kitu rahisi tu: mtu mzima akibanwa na safari anataka kitu kidogo cha kuchezea, bila kujianika mbele ya watu. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, kidude cha ukubwa wa kalkuleta chenye gemu na saa. Kampuni za kalkuleta zilikuwa zimeshindana bei mpaka vioo na chipu vikawa vya bei chee, na jamaa akavitumia hivyo hivyo. Vikauzwa zaidi ya milioni 43.

Akili hiyo hiyo ndiyo iliyozaa Game Boy mwaka 1989. Skrini yake haikuwa na rangi, ilikuwa ya kijani iliyofifia, na gizani huoni kitu. Mwaka huo huo Atari ikaja na Lynx, ina rangi zote. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear, nayo ya rangi. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa ofisini alimfuata mhandisi akiwa amenuna, kumwambia kuna mpinzani kaingia sokoni. Mhandisi akauliza swali moja: ina rangi au haina? Kusikia ina rangi, akamtuliza: basi hakuna shida.

Alijua hesabu. Rangi zinakula betri. Game Gear ilimeza betri 6 na kuzimaliza ndani ya saa chache tu, wakati Game Boy ilienda na betri 4 kwa zaidi ya saa 10. Kwa bei, Game Boy ilianza kwa dola 90 hivi huko Marekani, Lynx dola 180. Mwisho wa mchezo, Game Boy na mdogo wake wa rangi wakafikisha zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia kama milioni 10.

Lakini betri peke yake haiuzi. Marekani Game Boy iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ambayo mtoto na bibi yake wote wanaielewa ndani ya dakika moja. Mwaka 1996, mashine ikiwa imeshazeeka, ikaja Pokémon: ili umalize kukusanya wale viumbe, lazima uunganishe waya na rafiki mbadilishane. Yaani ukinunua wewe, na rafiki yako itabidi anunue.

Kwa vijana wengi wa Dar na Nairobi, gemu ya kwanza kushika haikuwa hiyo. Ilikuwa nyoka wa kwenye Nokia. Nokia wenyewe wakawaza: kwa nini mtu abebe vitu viwili? Mwaka 2003 wakatoa N-Gage, simu na gemu kwa pamoja, dola 299. Kubadilisha gemu ilibidi ufungue mfuniko na kutoa betri. Kuongea ilibidi uweke ubavu wake sikioni, watu wakacheka. Ikabuma.

Baadaye zikaja simu za tachi na gemu za bure, wengi wakasema hadithi imeisha. Mwaka 2011 Nintendo 3DS ilitoka kwa dola 250, ikadorora, na kabla ya miezi sita bei ikashushwa hadi 170. Ikainuka, ikapita milioni 75. Mwaka 2017 ikaja Switch, na chipu ambayo tayari ilikuwa sokoni, si mpya kabisa. Imeuza zaidi ya milioni 150.

Kwa nini mwenye simu aongeze kifaa kingine? Kwanza vitufe: kwenye kioo, kidole kinaziba kile unachotaka kukiona. Pili pesa: gemu ya simu ni bure mlangoni, ndani inakudai kidogo kidogo na matangazo juu, wakati ya kifaa unalipa mara moja, yameisha. Tatu, simu ina kazi nyingine. Gemu ikinoga, meseji inaingia, bosi anapiga. Na ikizima saa nne usiku uko stendi, imezima na M-Pesa yako, na namba ya bodaboda wako. Mashine ya gemu ikizima, umepoteza gemu tu.

Mhandisi alifariki mwaka 1997 kwa ajali ya barabarani, kabla simu haijawa mpinzani wa kweli. Yule abiria naye, pengine alishuka kituo chake, akarudisha kalkuleta kwenye begi, na hakuwahi kujua kuna mtu alikuwa anamwangalia.